Mcheza kwao hutuzwa: Fred Astaire ugenini

Moto umezimwa. Jengo la ghorofa 138 limebaki likifuka moshi juu ya San Francisco, na huku chini, kati ya majeruhi na wazima moto, mzee mmoja anapita akimtafuta mwanamke. Sisi watazamaji tunajua yaliyompata. Tumemwona akianguka kutoka kwenye lifti ya nje ya jengo, muda mfupi baada ya kumnusuru mtoto. Mzee hana habari. Mkuu wa walinzi anamfikia akiwa amembeba paka wa yule mama, anamkabidhi. Mzee anampokea paka, na hapo ndipo anajua.

Filamu ni The Towering Inferno ya mwaka 1974, na mzee ni Fred Astaire, yule ambaye dunia inamkumbuka kwa koti la mkia, kofia ndefu nyeusi na viatu vinavyoigonga sakafu kama ngoma. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, nyingine nikiwa nimezima sauti kabisa, maana nataka kuona anafanya nini. Kila nikitazama naona hafanyi karibu chochote. Hajishiki kichwa, hapigi magoti, haangui kilio. Anamkumbatia paka tu, na mwili wake wote unakuwa mzee kwa sekunde chache. Picha yenyewe imejaa milipuko na helikopta, Paul Newman na Steve McQueen wako mbele wakihangaika na moto kwa zaidi ya saa mbili, lakini katika yote hayo kilichonibakia mimi ni yule mzee na paka.

Kuna hadithi iliyozoeleka kuhusu Astaire wa uzeeni, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Inasema kwamba bwana alicheza dansi mpaka miguu ikachoka, watengenezaji wa filamu wakamwonea imani, wakampa nafasi za mababu na wajomba, naye akajitahidi. Watu wakampigia makofi kwa kukumbuka alivyokuwa. Yaani uigizaji wake ulikuwa kiinua mgongo. Naikataa hadithi hiyo. Astaire alifaa bila dansi kwa sababu ndani ya dansi alikuwa akiigiza tangu mwanzo. Watu walikodolea macho miguu, wakakosa kuyaona yaliyokuwa yakitendeka kuanzia kiunoni kwenda juu.

Sisi wa Kiswahili tulipaswa kuliona hili mapema, maana lugha yetu haijayatenga mambo hayo. Mtu hucheza ngoma, na mtu huyo huyo hucheza filamu. Tunauliza, "Ile picha steringi kacheza nani?" wala hakuna anayeshangaa. Na methali yetu ya mcheza kwao hutuzwa haikutaja ni mchezo gani. Neno tuzo lenyewe limetokana na kutuza: noti anayobandikwa mchezaji kwenye paji la uso, khanga anayovishwa katikati ya uwanja na waliokunwa na mchezo wake. Astaire alituzwa sana kwao. Machi 1950 alipewa Oscar ya heshima kwa mchango wake katika filamu za muziki, na aliyemkabidhi ni Ginger Rogers, mwenzake wa dansi wa miaka ya dhahabu. Swali langu linahusu ugenini, kule ambako hakuna bendi wala sakafu iliyong'arishwa.

Kwanza nieleze alikotoka, kwa kifupi. Alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 10 Mei 1899, kwa jina la Frederick Austerlitz, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Austria. Akiwa bado mtoto mdogo alipandishwa jukwaani pamoja na dada yake Adele, na wawili hao wakacheza pamoja kwa zaidi ya miaka 25, New York na London, mpaka Adele alipoacha kazi na kuolewa mwaka 1932. Katika miaka yote hiyo nyota alikuwa dada. Adele alikuwa na kipaji cha kuwachekesha watu bila kujichosha. Fred alikuwa mtu wa mazoezi, wa kuhesabu na kurudia na kutoridhika. Alipofanyiwa majaribio Hollywood, mtayarishaji David O. Selznick aliandika kwamba bwana huyu ana masikio makubwa mno na kidevu kibaya, ila mvuto wake umepenya hata kwenye majaribio yale mabovu. Mvuto ndio waliouona. Kazi iliyokuwa nyuma ya mvuto ilichukua muda kuonekana.

Hebu tumwangalie akicheza. Katika Swing Time ya mwaka 1936 kuna dansi ya kuagana. Mwanamume anamwimbia mwanamke kwamba hatacheza tena maishani, kisha wanaanza kutembea ukumbini. Wanatembea tu, bega kwa bega, kama watu wanaosindikizana kwa mara ya mwisho na hakuna anayetaka kufika. Kutembea kunageuka dansi polepole, hata huwezi kuonyesha kidole ulipo mpaka. Ndani yake mnapita vipande vya dansi walizocheza mapema katika filamu hiyo hiyo, zikiwa sasa kumbukumbu inayouma. Mwishoni mwanamke anazunguka, anazunguka, anatoka mlangoni, na mwanamume anabaki peke yake. Kipande hicho cha mwisho kilirudiwa zaidi ya mara 40, mpaka miguu ya Ginger Rogers ikatoka damu.

Astaire alikuwa na sharti lake kuhusu kamera: imwonyeshe mzima, kichwa hadi kisigino, na picha isikatwekatwe. Wengi hulisifu sharti hilo kwa sababu lilituwezesha kuiona dansi bila udanganyifu. Mimi naona lilimfundisha uigizaji wa aina yake. Kamera ikiwa mbali, uso hauwezi kukuokoa. Chozi halionekani, mtetemo wa mdomo hauonekani. Huzuni inabidi ikae mgongoni na shingoni, na katika namna ya kuuachia mkono wa mtu. Waigizaji wengi huanza na uso, mwili wakaujua baadaye kama wakijaliwa. Yeye alianza na mwili mzima, na kamera ilipomsogelea uzeeni ilimkuta ameshajua kila kitu kinakaa wapi.

Mfano mwingine ni The Sky's the Limit ya mwaka 1943, ambamo yeye ni rubani wa vita aliye likizoni, amempenda mwanamke, na muda wa kurudi vitani umefika. Usiku anaingia baa, anakunywa, anaimba wimbo wa Harold Arlen na Johnny Mercer ambao tangu siku hiyo umekuwa wimbo wa walevi wapweke wote wa Marekani. Kisha anacheza. Anacheza juu ya kaunta, anavunja glasi zilizopangwa, na kila pigo la kiatu lina hasira ndani yake. Ukimtazama usoni tu utamwona mlevi aliyekasirika. Ukimtazama mzima unaona mtu anayeogopa kufa na hana wa kumwambia. Mwaka huo alikuwa na miaka 44. Hakuna aliyeiita ile kazi uigizaji wa maana, kwa sababu kulikuwa na muziki.

Na mikono. Astaire alikuwa na mikono mikubwa aliyoionea haya, hivyo alipocheza alikuwa akikunja vidole viwili vya katikati ili ionekane midogo. Ukishalijua jambo hilo utaliona kila mahali, katika kila filamu. Mtu anayeijua mikono yake kiasi hicho hawezi kuirusharusha ovyo anapozungumza. Ndiyo maana katika nafasi zake za tamthilia huoni zile ishara za waigizaji waliotoka jukwaani, za kuchora maneno hewani. Mkono wake unatulia mpaka uwe na kazi.

Watu wa pwani, na wote tuliokulia kwenye picha za Kihindi, tunaijua dhuluma anayofanyiwa mchezaji dansi. Vyjayanthimala, mcheza Bharatanatyam, dansi ya jadi ya Kihindi, wa daraja la juu, alicheza Chandramukhi katika Devdas ya mwaka 1955, akapewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, akaikataa. Alisema nafasi yake ilikuwa na uzito sawa na ya mhusika mkuu wa kike, na alikuwa na haki. Helen, ambaye nyimbo zake za kabare zilijaza kumbi kwa miongo miwili, alipata Filmfare yake ya uigizaji kwa Lahu Ke Do Rang ya mwaka 1979, baada ya mamia ya filamu. Mchezaji akiwa hodari mno wa kucheza, watu huona amejaa, hakuna nafasi ya kitu kingine ndani yake.

Hollywood kwa upande wake ilimsamehe Ginger Rogers mapema. Alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Kitty Foyle ya mwaka 1940, filamu isiyo na dansi za namna ile, na hakuna aliyesema anapewa kiinua mgongo. Ninavyoona, alisamehewa kwa sababu ndani ya dansi zao yeye ndiye aliyekuwa na uso. Rogers alimsikiliza Astaire wakicheza, na kusikiliza kunaonekana. Astaire alijificha nyuma ya wepesi.

Wepesi huo ndio ulikuwa ugonjwa wake pia, lazima niseme. Miaka ya 1960 alicheza vichekesho kadhaa, The Pleasure of His Company ya mwaka 1961 na The Notorious Landlady ya mwaka uliofuata, na humo ni mzee nadhifu mwenye maneno matamu, anapendeza, na filamu ikiisha humkumbuki. Akiombwa apendeze tu, anapendeza tu. Midas Run ya mwaka 1969 siwezi kuitetea. Haiba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwongozaji mvivu aliweza kuishia hapo, na wengi waliishia hapo. Ilitakiwa mtu wa kumwondolea haiba hiyo, au wa kumpa mhusika ambaye haiba ndiyo kosa lake.

Harlee Claiborne wa The Towering Inferno ni mhusika wa namna hiyo. Ni tapeli. Amekuja kwenye sherehe ya uzinduzi wa jengo ili amuuzie hisa zisizo na thamani mjane anayeitwa Lisolette, aliyechezwa na Jennifer Jones. Ni nafasi ndogo, yenye maneno machache, na filamu inaiacha kila mara ikarudi kwenye moto. Lakini fikiria kazi ya maisha ya Astaire ilikuwa nini. Alitumia wiki nzima za mazoezi ili dakika tatu zionekane hazikumgharimu chochote. Alificha jasho. Tapeli naye anaficha jasho. Anataka umwone ametulia ilhali moyoni anahesabu. Astaire aliuelewa mchezo huo kuliko mwigizaji yeyote wa rika lake, na katika Harlee anafanya jambo ambalo hakulifanya kwenye dansi hata siku moja, yaani anatuachia tuone mshono. Tabasamu linakuja sekunde moja baada ya linapotakiwa. Koti limekaa vizuri, lakini aliyelivaa amechoka kulivaa.

Anapokiri kwa Lisolette kwamba yeye ni mwongo, haombi huruma. Mama anamwambia alikuwa anajua. Hapo mwigizaji mwingine angelia, na nina hakika angepata Oscar. Astaire anaonekana kama mtu aliyeshushiwa mzigo ambao alishasahau kwamba anaubeba. Wawili hao wamecheza kidogo ukumbini mapema, kama wageni wengine, kamera haiwashughulikii sana. Naupenda uamuzi huo. Ungekuwa ni wakati wa kumtumia Fred Astaire kama pambo, wakamwacha awe mzee anayecheza na mwanamke anayempenda.

Alishinda Golden Globe na BAFTA kwa nafasi hiyo, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 75. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kuteuliwa katika ushindani wa uigizaji. Oscar hiyo ilikwenda kwa Robert De Niro aliyecheza Vito Corleone wa ujanani katika The Godfather Part II, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wanaosema uteuzi wenyewe ulikuwa hisani kwa mkongwe. Wakae watazame ile sehemu ya paka, wazime sauti kama nilivyofanya.

Mwaka 1978, katika filamu ya televisheni A Family Upside Down, alicheza Ted Long, mpaka rangi wa nyumba aliyestaafu, anayepatwa na ugonjwa wa moyo. Yeye na mkewe, aliyechezwa na Helen Hayes, wanajikuta wakitegemea watoto wao wakubwa, na katika mipango ya watoto, wote wenye nia njema, wazee wanatenganishwa. Kwetu pia yapo, mama akachukuliwa na binti wa mjini, baba akabaki na mwingine, na kila mtu anaamini ametenda wema. Astaire alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa nafasi hiyo. Ninachokithamini ni kwamba mhusika wake ni fundi wa mikono, mtu wa ngazi na brashi, asiye na koti la mkia. Waliodhani Astaire alikuwa anajicheza mwenyewe siku zote waitazame hiyo.

Mtu atauliza, je, mchezaji dansi yeyote angeweza? Gene Kelly ni kipimo kizuri, kwa sababu mwongozaji mmoja, Stanley Kramer, aliwachukua wote wawili karibu wakati mmoja. Mwaka 1959 alimpa Astaire nafasi katika On the Beach, na mwaka uliofuata akampa Kelly nafasi ya mwandishi wa habari Hornbeck katika Inherit the Wind, kati ya vigogo wawili, Spencer Tracy na Fredric March. Kelly alikuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa tamthilia. Ujanani alicheza filamu za vita, na katika Christmas Holiday ya mwaka 1944 alicheza muuaji, akalitumia lile tabasamu lake la meno yote hadi likatisha. Hiyo ni kazi nzuri sana na haitajwi inavyostahili. Lakini kwa Hornbeck naona mwili wake unamponza. Kelly alicheza dansi kwa nguvu, kifua mbele, kama mwanamichezo anayekuonyesha misuli. Kwenye uigizaji anafanya hivyo hivyo, kila sentensi anairukia, kila dhihaka anaipiga hadi mwisho wake. Tracy amekaa kando, amelegea, na macho yako yanakwenda kwa Tracy. Mwishoni Hornbeck anaachwa peke yake baada ya kuelezwa ukweli kuhusu upweke wake, na huo ndio wakati Kelly alipaswa kutulia. Haukumfaa sana utulivu. Astaire alikuwa na dansi ya namna nyingine kabisa, iliyojaa vituo. Anakwenda, anasita, anakuacha ukidhani amemaliza, halafu anaendelea. Alizoea kuviachia vituo hivyo vifanye kazi yake.

Sasa On the Beach, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa ilitangulia. Inatokana na riwaya ya Nevil Shute ya mwaka 1957 na inasimulia dunia baada ya vita vya nyuklia. Nusu ya kaskazini imekwisha, watu wote wamekufa, na mionzi inashuka kusini na upepo. Huko Melbourne, Australia, ambako filamu ilipigwa, watu wamebakiwa na miezi michache. Wanakwenda kazini, wanafanya sherehe, wanavua samaki. Gregory Peck ni nahodha wa nyambizi ya Marekani, Ava Gardner ni mwanamke anayempenda, Anthony Perkins ni baba kijana. Astaire ni Julian Osborne, mwanasayansi. Kwenye riwaya mhusika huyo ni mtu wa umri mdogo zaidi. Kramer alimchukua mtu wa karibu miaka 60 ambaye hakuwahi kucheza nafasi nzito ya filamu isiyo na dansi, mjane ambaye mkewe Phyllis alifariki kwa saratani mwaka 1954. Sisemi kwamba alikuwa analia kilio chake mbele ya kamera. Nasema tu kwamba uso ule ulikuwa umeshapita mahali.

Kasoro zipo. Julian ni Mwingereza na Astaire hasikiki sana kama Mwingereza. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimeshasahau.

Julian ni mtu ambaye alishiriki kutengeneza maarifa yaliyoleta maangamizi, na anajua. Wakiwa ndani ya nyambizi anaulizwa ni nani aliyeanzisha vita. Anajibu kwamba ni Albert Einstein. Kisha anaeleza kwamba wanataka jibu jepesi na halipo: watu walikubali kwamba amani italindwa kwa silaha ambazo huwezi kuzitumia bila kujiua mwenyewe. Kwenye karatasi hiyo ni hotuba, na Kramer alikuwa mwongozaji aliyependa hotuba kupita kiasi, kila filamu yake ina mtu anayesimama kuhutubia. Astaire anakataa kuhutubia. Anaisema kama mtu aliyekwisha kuisema hivyo hivyo kwa nafsi yake usiku baada ya usiku, ikamchosha. Maneno yanapita haraka, halafu yanasimama. Sigara, kimya, sentensi nyingine. Mpigo ule ni wa mtu aliyetungiwa nyimbo na Gershwin na Irving Berlin, anayejua kwamba nukta ina thamani kuliko noti.

Halafu kuna gari. Julian ana Ferrari, na kabla ya mwisho anaingia nayo kwenye mashindano ya Grand Prix ya Australia, ambamo madereva wanaendesha kama watu wasio na kesho, maana hawana. Magari yanapinduka na kuwaka, na Julian anashinda. Ni sehemu ya ajabu, yenye kelele kuliko filamu nzima. Anapopokelewa mshindi kuna furaha ya kweli kwenye uso wa mzee huyu, furaha ya kitoto. Amefanya kitu kimoja alichokuwa akikitaka tangu zamani, na sasa hakuna kilichobaki.

Watu wa Melbourne wanapewa vidonge vya kumalizia mateso. Wanapanga foleni kuvichukua. Julian anachagua njia yake. Anaingia gereji, anafunga milango, anaziba upenyo wa chini kwa vitambaa. Anafanya kazi hiyo kwa uangalifu, bila haraka, kama fundi anayetaka kazi yake iwe safi, nami kila nikimtazama akiinama pale mlangoni namkumbuka mtu aliyeweza kurudia hatua moja mara 40 mpaka ikae sawa. Kisha anapanda garini. Hakuna neno linalosemwa. Muziki haumsaidii. Anakaa sawasawa kwenye kiti kile chembamba, mikono kwenye usukani, anaiwasha injini, na mguu wake unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena.